UNGA UMEFIKA, SUFURIA IKO WAPI?



Muhula uliopita mwalimu mlezi wa chama chetu alitupa zoezi la kuzungumza. Alichora mstari uliopindapinda ubaoni, akasema: "Huu ni mto. Maji yamepanda. Una dakika 10 za kutoka nyumbani. Unachukua nini?" Majibu yalichekesha kweli kweli. Mmoja alitaja televisheni. Mwingine, ambaye sitamtaja kwa kuwa analala kitanda cha juu yangu, alisema atambeba jogoo wao. Wengi walisema unga na blanketi, na mwalimu akayaandika hayo ubaoni. Mimi nilinyamaza kimya. Baada ya kipindi aliniita kando, akaniambia: "Wewe si watoka Tana River? Basi andika." Nami nimetii.

Kwetu ni kijiji kimoja chini kidogo ya Garsen, kule Mto Tana unakoanza kujitawanya kabla ya kuingia baharini upande wa Kipini. Huu ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, na njiani umewekewa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yakijaa pomoni, kama yalivyojaa mwaka 2024, maji ya ziada hayana pa kwenda ila kwetu. Ndiyo maana mtu wa Garsen anaweza kufurikiwa mchana wa jua kali, kumbe mvua yenyewe ilinyesha Nyeri siku kadhaa nyuma. Wazee wetu husimulia mafuriko ya 1961, yaliyopewa jina la mafuriko ya Uhuru. Wazazi wetu wana El Niño ya 1997 na 1998. Kizazi changu nacho kina yake mawili: yale ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyoua karibu watu 300 nchini na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule hadi Mei 13. Nyinyi mliofurahia likizo ya ziada mwaka huo, sababu yake ndiyo hiyo.

Nitaanza na ya 2023, maana hayo ndiyo yaliyotukuta kama vipofu.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule zimefungwa, niko nyumbani. Baba alituamsha saa tisa za usiku. Maji yalikuwa yamefika kifundoni ndani ya nyumba na ng'ombe wa jirani walikuwa wakilia. Tulitoka na nini? Nitawahesabia kwa uaminifu. Nusu gunia la mchele. Magodoro mawili, ambayo yaliloa kabla hatujafika barabarani yakawa hayabebeki. Redio isiyo na betri. Mkoba wangu wa shule. Blanketi. Baba alijitwika cherehani ya mama begani, naye mama alimbeba mdogo wetu wa mwisho. Hakuna aliyekumbuka kiberiti. Hakuna aliyekumbuka mtungi hata mmoja, ingawa mitungi sita ilikuwa imepangwa nyuma ya mlango wa jikoni. Tuliiona mara ya mwisho ikielea, mmoja nyuma ya mwingine, inajiendea zake Kipini.

Tulikaa siku 19 kwenye mwinuko kando ya lami. Barabara ya kwenda Lamu ilikuwa imekatika karibu na Gamba. Siku ya nne lori la msaada lilifika kutoka upande wa Malindi, na akina mama wakapiga vigelegele. Tukagawiwa unga wa mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Sisemi haya kwa kulaumu. Waliotuletea chakula hicho nawashukuru hadi leo. Lakini nilimwona nyanya yangu amekaa karibu na mfuko wake wa unga, mkono shavuni, akauliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya. Sufuria moja ilipikia jamaa saba kwa zamu. Zamu yetu ilifika saa nne usiku. Ndoo, turubai, vyandarua na vyombo vya jikoni vilikuja baadaye, barabara ilipopitika.

Hapo ndipo nilipojifunza ninalotaka kuwaambia. Chakula kila mtu hukifikiria: serikali, wafadhili, majirani, hata sisi wenyewe tunapokimbia. Vile vitu vya shilingi chache, vilivyotapakaa jikoni kila siku, havina wa kuvifikiria. Na bila hivyo chakula chenyewe hakiliki na maji hayanyweki.

Maji, maji kila mahali

Kichekesho cha mafuriko ni kwamba kitu cha kwanza kukosekana ni maji. Yamekuzunguka, ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yamepita kwenye vyoo vyote vya kuanzia Garissa. Kisima nacho kimefunikwa.

Hebu tupige hesabu kidogo, hata kama hiki ni chama cha Kiswahili. Ushauri wa kawaida ni kuweka lita 4 hivi kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia, na zitoshe siku 3. Jamaa ya watu 6 itahitaji lita 72, yaani mitungi minne ya lita 20. Sasa mtungi mmoja wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Nani ataubeba usiku, gizani, maji yakiwa magotini, na mtoto mgongoni? Tena mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku ukijumlisha kuoga na kufua, na hapo akiba yako yote haimalizi hata siku moja. Kwa hiyo weka maji, ndiyo, lakini usiyategemee peke yake. Kilicho muhimu zaidi ni chombo safi chenye kifuniko pamoja na njia ya kuyasafisha maji mengine. Sisi sasa tunatumia mitungi midogo ya lita 5, ile ya mafuta ya kupikia. Mtoto wa darasa la tatu anaubeba mmoja kila mkono. Ila mtungi uliowahi kutiwa dawa ya kuua wadudu wa shambani au mafuta taa usiutie maji ya kunywa, hata uuoshe mara kumi.

Kusafisha maji ya mto kuna utaratibu wake, na watu wengi hukosea kwa kurukia hatua ya mwisho. Wanatia dawa kwenye maji ya matope. Dawa ya klorini hupotezea nguvu zake kwenye yale matope, na vijidudu vinabaki. Kwanza maji yatulie ndooni mpaka tope lishuke. Watu wa pwani wanaijua shabu, ile kama jiwe jeupe la barafu linalouzwa na wauza dawa za kienyeji; ukiikoroga kidogo majini tope hushikana na kuzama upesi. Mbegu za mlonge zilizopondwa nazo hufanya kazi hiyo. Kisha mimina yale maji ya juu taratibu, uyachuje kwa kitambaa.

Kuhusu kitambaa nina jambo la kuwafurahisha akina dada. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa tabaka kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu vya ugonjwa huo hung'ang'ania viumbe vidogo sana vya majini, na kitambaa huwakamata viumbe hao. Kitambaa kuukuu ni bora kuliko kipya kwa kuwa nyuzi zake zimelainika na kubanana. Nyumba gani ya Mkenya inakosa leso kuukuu ya pamba? Ikunje mara nne au zaidi, chuja, kisha ifue na uianike juani. Lakini nusu si yote, jamani. Baada ya kuchuja bado kuna kazi.

Ukiwa na kuni, chemsha. Maji yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Kwa ndugu zetu wanaoishi juu ya mita 2,000, dakika 3. Ukiwa na dawa ya klorini, soma maandishi ya kwenye chupa au pakiti, maana nguvu zinatofautiana: kuna tembe ya lita 1 na tembe ya mtungi mzima wa lita 20, na kuzichanganya ni hatari au ni bure. Ukishatia, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Na kama huna kuni wala dawa? Una jua. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 2 au chini ya hapo, jaza maji ambayo tayari yameng'aa, uzilaze juani saa 6. Mawingu yakitanda, siku 2 mfululizo. Watu hucheka nikiwaambia haya, lakini njia hii ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai hapa nchini katika miaka ya 1990, na kuhara kukapungua. Chupa tupu za soda ambazo sisi huzitupa nyuma ya bweni zingeweza kunywesha kijiji.

Sita na nusu

Siku ya sita mdogo wetu alianza kuhara. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Kufikia jioni macho yake yalikuwa yameingia ndani na alikuwa analia bila machozi. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya maji na hakuna mtumbwi unaovuka usiku, kwa sababu mto ukifurika mamba na viboko nao huhama makao.

Mama akasema, "Atengenezewe maji ya sukari na chumvi." Sukari tulikuwa nayo, jirani alitupa. Chumvi tulikuwa nayo. Lakini kwa kipimo gani? Baba mdogo alisema ukufi mmoja wa chumvi. Jirani mmoja alisema viwili. Mwingine akasema chumvi ndiyo dawa, sukari ni ya kumbembeleza mtoto tu. Mimi nilikumbuka maneno matatu niliyoyakariri shule ya msingi: sita na nusu. Vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumponya, na ukufi wa baba mdogo (Mungu ambariki, ana mikono kama makafi) ungekuwa balaa.

Haya, tuna kipimo. Kijiko kiko wapi? Hatukuwa na kijiko cha chai. Lita 1 ni ipi? Hatukuwa na chupa. Nilizunguka hema kwa hema, mpaka muuza chai mmoja akaniazima kijiko chake, na dereva wa lori lililokwama akanipa chupa mbili za soda za nusu lita. Mbili hizo ndizo lita yangu. Nyanya alionja, akasema, "Yasizidi chumvi ya machozi." Baadaye nimekuta kwamba hicho ndicho kionjo wanachofundisha wahudumu wa afya. Yeye alikipata wapi sijui, shule hakwenda.

Tulimpa kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku kucha. Akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena. Asubuhi alivushwa kwa mtumbwi, na kule zahanati muuguzi akampa pakiti za maji ya chumvichumvi na tembe za zinki za kutumia siku kadhaa. Sasa yuko chekechea na ana kelele kushinda kengele ya shule hii.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu uhai wa mtu ulining'inia kwenye kijiko. Pakiti zile huuzwa madukani na ni nyepesi kama barua. Kumi zinaingia kwenye kiganja.

Moto, na maharagwe yasiyoiva

Kiberiti kilicholoa hakiwaki hata ukiapa. Chetu sasa kimo ndani ya mkebe wa plastiki wa Blue Band uliofungwa vizuri, pamoja na mishumaa miwili. Makaa tumeyatia kwenye mfuko wa nailoni, kisha guniani, kisha tumeyapandisha darini. Jiko la makaa ni jambo la kheri wakati mafiga matatu yamezama. Lakini tafadhali, msiliingize jiko linalowaka ndani ya hema au chumba kilichofungwa ili mpate joto. Moshi wa makaa una gesi isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke.

Sasa hayo maharagwe. Aliyewahi kupika githeri anajua: maharagwe makavu yanataka saa 2 au 3 motoni. Jamaa saba, sufuria moja, kuni mbichi. Piga hesabu mwenyewe. Ukiyaloweka tangu usiku yatapunguza muda, na ndiyo sababu nyingine ya kuwa na ndoo yenye kifuniko. Pojo huiva haraka zaidi. Kwa siku mbili za kwanza, kabla hujajua utapika wapi, weka vya kula vivi hivi: njugu karanga, tende, biskuti, maziwa ya unga kama uwezo upo. Nyanya huongeza sukari nguru, nami simpingi.

Nyama? Hapa nitaonya. Mafuriko yakija mifugo hufa, na mtu mwenye njaa huona mbuzi anayetetemeka akaona kitoweo. Mwishoni mwa 1997, baada ya mvua za El Niño, homa ya Bonde la Ufa ilizuka upande wa Garissa na kusini mwa Somalia ikaua mamia ya watu. Ugonjwa huo huwapata watu kwa kuumwa na mbu na kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Kwa hiyo mnyama aliyekufa au anayeugua asichinjwe. Na chandarua kihesabiwe pamoja na vitu vya kwanza vya kubeba, kwa kuwa maji yakianza kupungua mbu hutoka kwa majeshi.

Mwanga, simu na karatasi

Kwa simu nina maoni yangu, na wenye simu kubwa wasinune. Kwenye maafa kabambe ndiye mfalme. Inakaa siku kadhaa bila chaji, ina tochi, ina redio. Simu kubwa ya baba mdogo ilizima siku ya pili, na ndani yake ndimo zilimokuwa nambari zote za jamaa. Ilibidi tukae chini tuzikumbuke kwa kichwa, na katika nambari tano tulipatia mbili. Leo nambari zetu zimeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadi, na kadi imo ndani ya nailoni. Simu izimwe, iwashwe mara mbili kwa siku kwa saa zilizopatanwa. Ujumbe mfupi unakula chaji kidogo kuliko kupiga, na hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Taa ndogo ya sola yenye mahali pa kuchajia simu inasaidia sana, kwa sababu mafuriko yakipita jua letu haliombwi.

Pesa za simu ni nzuri ikiwa wakala yuko na ana pesa. Kambini kwetu hakuwa nazo. Noti za 50 na 100 kwenye nailoni ile ile ndizo zilizonunua mkate.

Halafu karatasi. Vitambulisho vya wazazi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, na sisi wanafunzi vyeti vya mitihani. Rafiki yangu mmoja alipoteza cheti cha kuzaliwa katika yale maji, na ilimchukua karibu mwaka mzima kukipata kingine, huku usajili wa mtihani unamngoja. Mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, ingetosha. Wenye kumeza dawa kila siku, za presha, sukari au nyingine yoyote, waweke za wiki moja humo pia, na majina yake yaandikwe. Dawa za nyanya zilichukuliwa na maji, na hakuna aliyejua jina. Tulimwambia daktari, "Ni vidonge vidogo vyeupe." Daktari alitutazama tu.

Mambo ya choo watu huyaonea haya, kwa hiyo nitapita upesi ila sitayaruka. Jembe au sepetu ya kuchimbia shimo, angalau mita 30 kutoka mahali pa kuchota maji. Ndoo ya pili yenye kifuniko kwa ajili ya usiku na watoto na wazee, na majivu ya kufunikia. Iwe ya rangi tofauti kabisa na ya maji ili mtu asikosee gizani. Sabuni ya mche ikatwe vipande, kwa sababu mche mzima ukiangukia topeni umekwenda. Na sodo. Siku zile 19 kambini, dada zetu walipata shida ambayo hakuna mwanamume aliyeitaja hata mara moja mkutanoni. Pakiti mbili na vitambaa safi vya pamba vinaingia popote. Nimeandika haya nikiwa mvulana, na anayetaka kucheka acheke.

Ndoo ya darini

Tuliporudi nyumbani Desemba, ukuta una mstari wa tope juu ya dirisha, mama alinunua ndoo moja ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana. Ndani yake tukatia mkebe wa kiberiti, sufuria ndogo, vikombe vya plastiki viwili, kijiko, kisu, sabuni, pakiti za dawa ya kuhara, tembe za maji, leso kuukuu, kamba mita kumi, nailoni ya karatasi na kadi, na sodo za dada. Nje yake imefungiwa mitungi midogo miwili na turubai lililokunjwa. Vyandarua tulifunga juu. Yote hayo, turubai kando, hayakugharimu bei ya godoro moja. Inaning'inia darini, na kila mtu nyumbani, hata nyanya, anajua iko wapi na nani wa kuishusha. Wa kuishusha ni mimi nikiwapo. Nikiwa shuleni ni dada.

Usidhani kuitundika kunatosha. Mwezi wa Februari tulipoifungua, kwa sababu kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi kidogo, tulikuta panya wamekula mshumaa mmoja na robo ya sabuni. Tembe za maji nazo zina tarehe ya mwisho, kama dawa yoyote. Kwa hiyo tumeamua ifunguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya vuli.

Mei 2024 maji yalirudi. Safari hii tulisikia redioni kwamba mabwawa yamejaa, tukatoka mchana, miguu ikiwa mikavu. Ndoo ilishuka, mitungi ikajazwa maji safi kabla ya kuondoka, na magodoro yakaachwa juu ya dari. Jioni ya kwanza tulikuwa na chai, na jirani watatu waliipikia ya kwao katika sufuria yetu. Kitu kimoja tu kilikosekana. Mtu, na kila mmoja nyumbani anakana hadi leo, alikuwa amekitoa kijiko kukorogea uji na hakukirudisha. Baba mdogo alikitoboa tundu kile tulichonunua baada ya hapo, akakifunga kwa waya kwenye mkono wa ndoo.